Mada: Mnasoma nini siku hizi, na vitabu vya Kiswahili mnavipata wapi Nairobi?

Kutoka Umoja

Wapendwa, habari za wikendi. Wakubwa shikamooni.

Nimehamia Nairobi mwaka huu kikazi, nimetokea Morogoro. Ofisini ni Kiingereza kutwa, kwenye matatu ni Sheng, na mwanangu wa Gredi 8 sasa ananijibu Kiingereza hata tukiwa mezani. Nataka tusome Kiswahili pamoja, yeye na mimi, kila jioni. Nimepita maduka ya vitabu kwenye mall, riwaya zote zilizopangwa mbele ni za Kiingereza. Nyie wenzangu mnasoma nini? Na mnavitoa wapi?

Kutoka South B

Marahaba, dada, na karibu sana Nairobi.

Vitabu vipo, tena vingi. Ila hapa riwaya ya Kiswahili haikai na riwaya nyingine. Inakaa na vitabu vya shule, huko nyuma, jirani na hisabati na atlasi. Ukiingia duka kubwa kama Text Book Centre, usipoteze muda mbele. Nenda moja kwa moja upande wa shule, uliza fasihi ya sekondari, halafu chuchumaa usome migongo ya vitabu kimoja kimoja, maana mara nyingi vinapangwa rafu za chini.

Sababu ni soko. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya hutahiniwa kwa vitabu teule vya fasihi: riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Kitabu kikiteuliwa kinachapwa kwa wingi mno. Kisipoteuliwa, hata kiwe kizuri vipi, muuzaji anaagiza nakala chache au haagizi kabisa. Binafsi naona ni uchungu riwaya za watu wazima kuishi kwa mtihani tu, lakini ukishaujua utaratibu huu unakusaidia.

Unakusaidia namna hii. Vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Riwaya ya Chozi la Heri na tamthilia ya Kigogo zilipoondoka, zikaingia Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Siku hiyo hiyo maelfu ya nakala za zamani zinakosa kazi majumbani, na nyingi zinaishia barabarani. Pita barabara ya Tom Mboya jioni watu wakitoka kazini, au vichochoro vya kuelekea River Road, utawakuta wauzaji wametandika turubai chini na vitabu juu yake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed niliipata hapo kwa shilingi 150. Aliyeisoma kabla yangu alikuwa mwanafunzi hodari: pembeni ameandika kwa biro maneno ya uchambuzi, "mbinu rejeshi", "taasubi ya kiume", "jazanda", na pale Maimuna anapotoroka kwao amepigia mistari ukurasa karibu wote. Nilifurahi kumsoma na yeye pia.

Na jambo hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu Watanzania wengi tuliopo hapa tunadhani fasihi yetu tumeiacha Dar na Unguja. Utengano ilitolewa na Longman hapa Kenya mwaka 1980. Haini ya Adam Shafi (2003), juu ya wafungwa wa kisiasa wa Zanzibar, na Mbali na Nyumbani (2013), anaposimulia safari yake mwenyewe ya ujana, zote mbili ni za Longhorn, wachapishaji wa Nairobi. Mzanzibari anaandika, Nairobi inachapa, halafu sisi tunakaa Nairobi tukilia hatuna cha kusoma! Mbali na Nyumbani ingefaa iwe mkononi mwa kila mmoja wetu. Kijana anatoka kwao akiwa na hamu kubwa na pesa kidogo, anavuka mipaka, anategemea wema wa watu asiowajua. Nani kati yetu hajapitia angalau kipande cha hayo?

Mimi sasa hivi nasoma Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili. Ya Kiingereza ilitoka 1994, Gurnah akapata Nobel 2021, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12, wazazi wanamkabidhi kwa tajiri Aziz, na mtoto anachelewa kuelewa kwamba yeye ndiye malipo ya deni la baba yake. Kiingereza chake nilikisoma zamani nikakipenda. Kwa Kiswahili nimekuwa nikisimama kila baada ya kurasa chache, kwa sababu misafara ile, maduka yale, namna mkubwa anavyomsemesha mtoto, vyote nilishavisikia kwa bibi yangu. Kisome kwa sauti, dada. Kinataka sauti.

Kwa mwanao naomba uanze na Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili ni mtoto wa Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarabu, na anavuka kuja Kenya kumtafuta baba yake Kitale. Mtoto wako naye amevuka mpaka huo huo. Tena ukiitaja hapa, jirani, mwalimu, hata dereva wa teksi atakwambia aliisoma shuleni. Walibora alifariki Aprili 2020, humu humu Nairobi, na watu wazima walimlilia kama mwalimu wao wa darasani. Mtoto akiisoma atakuwa na la kuzungumza na wenzake wa Kenya, na atalizungumza kwa Kiswahili.

Nagona na Mzingile, riwaya za Euphrase Kezilahabi, ziache kwanza. Ni vitabu vizuri ila vizito, kijana ukimwanzishia hapo atakukimbia. Wewe mwenyewe soma Rosa Mistika, ya Kezilahabi huyo huyo.

Maktaba: Maktaba ya Taifa pale Upper Hill, na tawi lao la Buruburu. Kwa upande wa Eastlands kuna Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk wamefanya kazi nzuri ya kuzifufua.

Kutoka Kasarani

Dada, karibu. Kaka wa South B amemaliza karibu yote, naongeza machache.

Barabarani kagua kitabu kabla hujalipa. Kuna nakala zinazorudufiwa kwa wizi: jalada limefifia, mistari imekaa upande, na katikati kurasa zinakosekana. Fungua katikati na mwisho. Nakala ya namna hiyo iache, mwandishi hapati hata senti.

Kwa kijana wa Gredi 8 mimi ningetanguliza hadithi za mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) ina maiti, ina fumbo, na Bwana Msa mwenyewe hana papara. Wanangu waligombania nani ashike kitabu. Siku Njema ifuate.

Na kwa usiku ule ambao nyumbani kunakuwa mbali sana, tafuta N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani. Ni mashairi ya Mzanzibari aliyeko Ujerumani, na ni kati ya washindi wa mwanzo wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa wakati huo Mabati-Cornell. Mimi ninalo kando ya kitanda. Nasoma shairi moja, nazima taa.

Kutoka Umoja

Asanteni sana kaka zangu, mmenipa kazi ya mwaka mzima. Jana nimepita upande wa shule kama nilivyoelekezwa, na Siku Njema ninayo. Mtoto ameshaniuliza Kitale ni wapi. Sasa Peponi na N'na Kwetu sijaziona. Zinaagizwaje kutoka Dar bila gharama kubwa?

Kutoka South B

Njia rahisi ni mabasi ya Dar–Nairobi yanayopita Namanga. Ndugu yako Dar anunue, afunge vizuri kwenye nailoni, aandike jina na namba yako ya simu ya Kenya juu ya kifurushi, na aweke risiti ya duka ndani, ikiulizwa mpakani ionekane ni vitabu. Wewe utaenda kuvichukua ofisi ya basi hapa mjini na kitambulisho chako.

Ila usiagize peke yako. Tukikusanya oda, nauli ya kifurushi tunagawana. Mimi naanza: nataka N'na Kwetu mbili, moja ya kwangu na moja ya mdogo wangu aliyeko Nakuru. Wengine andikeni hapa chini kitabu na idadi. Na mwenye Haini naomba aniazime, yangu niliiazimisha haijarudi.