Kitufe cha "ondoa chenga" kinatuharibia video za ndugu zetu, basi imetosha

Wakuu hii kitu imenichosha na leo naisema. Kila programu ya kuediti video siku hizi inajisifia kitufe cha kuondoa chenga (vile vidoti vinavyochezacheza picha ikikosa mwanga) kwenye video za usiku, eti unabonyeza mara moja tu video inakuwa safi kama imerekodiwa mchana, na wale wanaofundisha kuediti mtandaoni nao wanakipigia debe hicho hicho kitufe huku wanakuonyesha klipu ya jengo limesimama halina mtu hata mmoja. Wekeni uso wa mtu hapo tuone!

Mimi nina klipu za bibi anasimulia sebuleni usiku, taa moja tu ya dari. Chenga zipo kweli sikatai, ukuta mweupe nyuma yake unachezacheza vidoti vyekundu na vya kijani, na kule kwenye kivuli cha kiti ndio balaa lenyewe. Nabonyeza kitufe, ukuta unatulia vizuri kabisa, ila mikunjo ya uso wa bibi imekwenda, nyusi zimekuwa mchirizi mmoja wa kijivu, mvi zimegandana, uso mzima kama umepakwa nta. Hiyo mikunjo ndo bibi yangu mwenyewe, nani kawatuma muifute?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia nzuri ipo na inajulikana miaka mingi. Hicho kitufe kwenye programu nyingi nilizojaribu ni kama kinachukua fremu moja, yaani picha moja kati ya zile nyingi zinazounda video, kinachanganya pikseli (vinukta vinavyounda picha) na majirani zake, basi. Hiyo ni kutia ukungu tu wakaupa jina zuri. Chenga zinarukaruka ovyo, kidoti kilichopo kwenye fremu hii fremu inayofuata hakipo, lakini unyusi wa mtu aliyetulia upo pale pale. Kwa hiyo ukilinganisha fremu na fremu ukachukua wastani, chenga zinapungua na unyusi unabaki. Fremu 4 zinapunguza chenga mpaka nusu, fremu 16 mpaka robo. Hesabu ya kawaida kabisa hii! Ila inakula prosesa na kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kunachukua muda, sasa wao wanataka mtu aone matokeo hapo hapo ili anunue, basi wanatupa ukungu.

Ndiyo, najua fremu nyingi zina shida yake, kitu kikitembea kinaacha kivuli nyuma. Bibi akiinua mkono unaona vidole viwili viwili, kimoja cha kweli na kingine kama mzuka unakifuata. Lakini si ndo mtupe slaida mbili tofauti, yaani vile vitelezi vya kusogeza kupunguza au kuongeza, moja ya ndani ya fremu na moja ya kati ya fremu na fremu, tuchague wenyewe? Hapana, mtu anapewa slaida moja tu imeandikwa "kiwango". Kiwango cha nini jamani?

Halafu chenga za rangi na chenga za mwanga wanazipiga rungu moja. Video nyingi za simu zinahifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, maana jicho la binadamu halishiki sana undani wa rangi, kwa hiyo vile vidoti vyekundu na kijani unaweza kuvikandamiza kwa nguvu zote na uso usipoteze kitu, ila kwenye mwanga ndo uguse kidogo kidogo. Hivi kwenye hizo video zenu za mafunzo mmewahi kulisema hili? Mnachofundisha ni mtu apandishe mwanga wa vivuli, aongeze ukali wa picha, apake rangi, halafu mwishoooo kabisa ndo aondoe chenga. Kinyume nyume! Ukishaongeza ukali umezikuza chenga zenyewe, programu haijui tena ipi chenga ipi nywele. Chenga zinaondolewa mwanzo kwenye klipu ghafi, hujaipunguza saizi wala hujaigusa rangi.

Na watengeneza simu nao wasijifiche. Matangazo yanaonyesha picha za usiku za kuvutia, lakini picha ya mnato simu inakusanya fremu nyingi inazichanganya kuwa moja. Video ya fremu 30 kwa sekunde kila fremu haiwezi kupata mwanga zaidi ya 1/30 ya sekunde, kwa hiyo simu inapandisha ISO, yaani inakuza ule mwanga kidogo ilioupata, chenga zinajaa, halafu inaibana faili mpaka chenga zinageuka vibonge vya mraba ambavyo hakuna programu itakayovisafisha vizuri. Hilo kwenye tangazo hutaliona.

Mimi kilichoniokoa ni ffmpeg, programu ya bure ya video unayoiendesha kwa kuandika amri, na kichujio chake cha hqdn3d, cha zamani tangu enzi za MPlayer, programu ya kuchezea video, kina namba nne: mwanga ndani ya fremu, rangi ndani ya fremu, mwanga kati ya fremu, rangi kati ya fremu. Ya kwanza nimeishusha chini kabisa, za rangi nimezipandisha, uso wa bibi umerudi. Chenga kidogo zimebaki na ziache zibaki, bora chenga kuliko sanamu. Sasa kama kitu cha bure kinachoandikwa kwa mkono kinampa mtu namba nne, programu ya kulipia kila mwezi inashindwaje?

Mnaotengeneza hizi programu kama mnapita humu, slaida mbili tu tunaomba. Na mwenye njia ya kuzuia ule mzuka wa mkono bila kukatakata klipu vipande aiweke hapa, tafadhali sana. Ila wa kuja kuniambia "ungeongeza taa" apite tu, bibi ameshasimulia na usiku ule haurudiwi.