Kabati la uani limefungwa na ufunguo umepotea

Mkazi wa Jinja: Habari zenu, ndugu. Kabati langu la chuma lililoko uani, ninamohifadhi majembe na bomba la kunyunyizia dawa, limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea tulipokuwa tukihama. Nitalifunguaje bila kuliharibu?

Fundi wa Entebbe: Ndugu, kabla ya kugusa kufuli, tazama bawaba. Ikiwa skrubu zake ziko nje, zifungue kwa bisibisi, na mlango utatoka upande huo, kufuli likiwa bado mahali pake. Zikiwa zimeshika kutu, zidondoshee mafuta ya taa, usubiri hadi asubuhi, ndipo uzizungushe.

Mama wa Mbale: Bawaba za makabati mengi ya kwetu huchomelewa, kwa hiyo ushauri huo haufai kila mahali. Mimi nilihangaika saa nzima na msumeno wa chuma juu ya upinde wa kufuli, ambao ni mgumu mno, kumbe pete ya mlango ilikuwa laini na ilikatika upesi.

Mkazi wa Jinja: Asanteni sana. Bawaba zangu zina skrubu. Mbili zimetoka, ya tatu nimeitia mafuta.