Noah inasugua tairi nikikata kona. Muuzaji aliniambia "rimu 15, tairi 15"

MamaAsali_Ipuli aliandika:

Wakuu, mwangaluka. Naomba msaada kwa anayezijua namba za tairi, maana hela nimeshatoa na sitaki kutoa nyingine kabla sijaelewa.

Gari langu ni Toyota Noah, umbo la AZR60, injini ya lita 2, linavuta kwa mbele. Niko Tabora mjini, Ipuli. Kazi yake ni asali. Natoka alfajiri, nashika barabara ya Sikonge, naipita Sikonge, halafu naacha lami na kuingia njia ya vumbi mpaka kwa warina asali ninaonunua kwao. Nikirudi, nyuma kuna ndoo kumi na tano za lita 20, zimejaa, viti vya nyuma nimevikunja. Masika ile njia inachimbika pande zote mbili, katikati linabaki tuta, na gari lilikuwa linakwangua tumbo.

Mwezi wa tatu tairi zilikuwa zimekwisha, mbili za mbele kipara kabisa upande wa ndani. Nikaenda duka moja hapa mjini, nikamwambia muuzaji nataka tairi za kulinyanyua gari kidogo. Akanitolea 205/70R15. Nilizokuwa nazo ni 195/65R15. Nikamuuliza, mbona namba si zile? Akasema, "Mama, rimu yako ni 15 na tairi ni 15, inaingia." Na kweli iliingia. Akafunga zote nne, laki mbili na elfu kumi kila moja, nikaondoka na furaha yangu.

Furaha iliisha siku niliyopakia mzigo. Nikikata usukani mpaka mwisho, hasa nikirudi kinyumenyume kutoka uwani, inatoka sauti kama mtu anaburuta kandambili kwenye sakafu ya saruji. Nikipita shimo na mzigo, nyuma nako panagonga. Juzi nikaingiza mkono juu ya tairi ya mbele kushoto. Ile plastiki ya ndani ya madgadi imelika. Imekuwa laini na inang'aa, eneo la viganja viwili, na ukingoni imetoboka, kidole changu kinapita.

La pili linanisumbua zaidi. Kutoka getini kwangu mpaka kwa mrina asali wa kwanza ni kilomita 94. Mwaka wa pili huu naipita njia hiyo, geji haijawahi kusoma vingine. Tangu nifunge tairi hizi inasoma 89. Nyumba haijahama na mzee wa watu hajahama. Geji imekufa?

Muuzaji hazirudishi, anasema zimeshatembea. Nirudi kwenye 195/65 au kuna saizi ya katikati itakayoninyanyua bila kusugua? Nipeni na sababu, nataka nikienda dukani safari hii niwe najua mwenyewe.

Fundi_Kanyenye alijibu:

Pole sana mama. Geji yako ni nzima. Kilichobadilika ni tairi, na hizo kilomita tano zilizopotea ndizo zinazoonyesha imebadilika kiasi gani.

Muuzaji alisoma namba moja kati ya tatu. Hiyo 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, basi. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, lakini si milimita 65, ni asilimia 65 ya ule upana. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Ukiongeza upana na asilimia pamoja, ubavu unakua kwa sababu zote mbili kwa mpigo bila wewe kujua.

Chukua kikokotoo cha simu tufanye pamoja. Tairi yako ya zamani: 195 mara 0.65 ni 126.75. Ubavu uko juu na chini ya rimu, kwa hiyo mara mbili, 253.5. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha: 634.5. Huo ndio urefu wa tairi kutoka ardhini mpaka juu. Sasa uliyofungiwa: 205 mara 0.70 ni 143.5, mara mbili 287, ongeza 381, unapata 668. Imezidi milimita 33 na nusu, asilimia 5.3.

Geji haioni barabara, inahesabu mizunguko. Tairi kubwa inazunguka mara chache kwa njia ileile, kwa hiyo inaandika pungufu. Gawanya 94 kwa 1.053 uone kama hupati 89. Na mshale wa spidi nao unasoma pungufu. Ukiona 80, unatembea 84. Ukipita kwenye kibao cha 50 na mshale uko 50, umeshazidisha, na trafiki hatakuuliza saizi ya tairi.

Sasa kuhusu kunyanyuka. Gari linapanda kwa nusu ya nyongeza tu, maana nusu nyingine imekwenda juu kuelekea madgadi. Nusu ya 33.5 ni chini ya 17. Umelipa laki nane na arobaini kununua kimo kisichofika sentimita mbili, na nafasi ileile umeitoa pale juu ambapo tairi inatakiwa ipumue gari likizama na mzigo. Ndiyo maana inasugua ukiwa umepakia.

Rimu yenyewe haina kosa. Geuza uangalie chapa yake kwa nyuma, nadhani utakuta 15x6J, yaani upana wa inchi 6. 205/70 inakaa humo vizuri kabisa. Kuingia kwenye rimu na kuingia kwenye gari ni mambo mawili, na dukani huwa wanapima la kwanza tu.

Kijana_Urambo alijibu:

Mama yangu, usihangaike na hesabu. Kama unabeba mzigo funga 195R15C za nyuzi nane, zile za vipanya, yaani mabasi madogo. Pancha utazisahau. Kama hela imebana, chukua 185/65R15, ni bei nafuu na haisugui popote.

Fundi_Kanyenye alijibu:

Mdogo wangu, nia yako ni njema ila zote mbili zitamuumiza mama.

Tairi isiyo na namba ya katikati, kama hiyo 195R15C, ubavu wake ni asilimia 80 na kidogo juu yake. Piga kwa 80 tu: 156 mara mbili, jumlisha 381, ni 693. Hiyo inazidi ya asili kwa karibu sentimita 6. Kama 668 inakula plastiki, hiyo itakula bati.

Hiyo 185/65 kweli haisugui, lakini ni ndogo, gari litashuka na yeye analalamikia tumbo. Kubwa zaidi ni uzito. Mama, soma mwisho wa ile namba ubavuni. 195/65R15 ya kawaida imeandikwa 91 na herufi mbele yake. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615 ikiwa na upepo wake kamili. 185/65R15 nyingi ni 88, na 88 ni kilo 560. Pungufu ni 55 kwa tairi, 110 kwa tairi mbili za nyuma. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo yako ya lita 20 ina kilo 28 hivi. Ukifunga 88 umeondoa nafasi ya ndoo nne nyuma, na ndoo zako ni kumi na tano, zaidi ya kilo 400. Namba ya uzito usikubali ishuke chini ya 91 hata wakikupunguzia bei. Herufi ni spidi. S ni 180, T ni 190, H ni 210. Kwa safari zako yoyote inatosha.

Dereva_wa_Kasulu alijibu:

Shikamoo mama. Mimi niko Kigoma, nyumbani Gungu, naendesha Voxy ya umbo hilohilo la AZR60, mchomoko (gari dogo la abiria) wa Kasulu. Watu saba na mizigo yao, kila siku.

Nimefunga 205/65R15 mwaka wa pili sasa. Nilipiga hesabu hiyohiyo ya fundi: 205 mara 0.65 mara mbili ni 266.5, ongeza 381, ni 647.5. Imezidi asilimia 2 tu. Gari limepanda milimita 6 na nusu, kidogo mno, sikudanganyi kwamba utaiona kwa macho. Nilichokipata ni namba ya uzito, zangu ni 94, yaani kilo 670, na ubavu mnene kidogo kwenye mawe. Haisugui. Ila shokapu zangu ni nzima, na hapo ndipo nataka kukuuliza.

Mama, gari likiwa tupu simama pembeni ulitazame. Nyuma liko sawa na mbele au limekaa chini? Mimi nilihangaika na tumbo kukwangua mwaka mzima, nikalaumu barabara, nikalaumu tairi. Fundi wa hapa Mwanga akaniambia springi za nyuma zimechoka. Nikabadilisha springi na shokapu za nyuma, gari likapanda vidole viwili. Hakuna tairi ya Noah itakayokupa vidole viwili. Asali kilo mia nne kila safari, miaka miwili, springi gani itabaki ilivyokuwa?

Umesema pia tairi za mbele ziliisha upande wa ndani. Tairi haiishi hivyo kwa uzee. Hapo kuna alaimenti, yaani magurudumu hayajakaa sawa, au bushi (mipira) za mkono wa chini zimechoka, au vyote. Ukifunga mpya kabla hujarekebisha hilo, miezi sita tu utarudi dukani. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu liliniondolea tairi mbili ambazo hazijamaliza hata vinyweleo.

Na hizo 205/70R15 usizitupe. Ndiyo saizi ya Forester ya zamani, SF5, na CR-V ya kwanza, RD1. Tabora Forester hizo zipo, tafuta mwenye nayo.

Fundi_Kanyenye alijibu:

Naunga mkono kila neno la dereva. Nilipitwa na hiyo ya upande wa ndani, na ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza.

Kabla ya kununua chochote fanya jaribio la chaki. Paka chaki kwenye mabega ya tairi, pale ubavu unapokutana na kashata (sehemu inayokanyaga barabara), mzunguko mzima, zote nne. Pakia ndoo zako, au weka watu wazima watano, kata usukani mwisho kulia, mwisho kushoto, panda tuta moja polepole. Palipofutika ndipo panaposugua.

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika. Ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Ina saizi ya tairi na upepo wake kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi, mfano 240 ni kama 35. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Usikubali "weka thelathini" ya kukisia kwa gari la mzigo.

Kwa wengine mnaosoma: Noah ya zamani, SR40, namba zake ni nyingine, msimwige mama. Na mwenye AZR65, inayovuta miguu yote minne, asichanganye saizi mbele na nyuma hata kidogo. Tofauti ya mizunguko inaenda kutesa difu, zile gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu.

MamaAsali_Ipuli alijibu:

Nimekawia kurudi, nilitaka nirudi na majibu.

Chaki nilichukua ya mwanangu wa darasa la tatu. Mbele ilifutika bega la ndani kushoto na kulia. Nyuma ilifutika bega la nje, upana wa kidole gumba, na nyuma nilikuwa sijapashuku hivyo. Nyuma ya rimu nimekuta 15x6J kama alivyosema fundi. Stika ya mlangoni ipo, chini ya vumbi la miaka, na imeandikwa 195/65R15 91S. Jibu lilikuwa pale mlangoni siku zote, nafungua na kufunga.

Dereva, marahaba baba. Nililitazama gari tupu kwenye sakafu ya kanisani, maana uwanja wangu ni mchanga na una mteremko. Nyuma limekaa chini, hata mchungaji ameliona. Nimebadilisha springi mbili za nyuma na shokapu zake. Mbele bushi zote za mkono wa chini zilikuwa zimepasuka, zimebadilishwa, kisha alaimenti.

Nimerudi kwenye 195/65R15. Nilizitamani 205/65 za dereva, lakini zilizokuwepo hapa zilikuwa na tarehe ya zamani. Nilisoma zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, na nikazirudisha mezani mbele ya muuzaji. Nikachukua za mwaka huu, 91T.

Zile kubwa amezichukua mwalimu mmoja wa Isevya mwenye Forester SF5, zote nne kwa laki sita. Alifika na karatasi yenye saizi yake, nikampa chaki ajaribu kwanza.

Jumamosi nimepakia ndoo kumi na tano. Tumbo halikugusa lile tuta, na kwenye kona sikusikia kitu. Geji imesoma 94. Spea ni ile ya zamani, saizi ni sawa lakini tarehe yake ni 0914, kwa hiyo mauzo ya mwezi ujao nitaitafutia nyingine.