Mass Effect: nianze upya nimuokoe Wrex, au nikubali afe? Naombeni ushauri

Kijana wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nipo hapa Mwanza, nimeanza gemu la Mass Effect la kwanza, lile la 2007, na kichwa hakitulii. Mwanzoni niliona maneno yamezidi risasi. Pale Citadel, kituo kikubwa cha angani, unazunguka tu kuongea na mabalozi, lifti inakuweka ndani mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Nikakutana na Waelcor, viumbe wakubwa wenye sauti isiyopanda wala kushuka, kwa hiyo kila mmoja anatangaza kwanza kama ana huzuni au hasira, ndipo aseme lake. Hapo ndipo nilinasa.

Sasa nimefika sayari ya Virmire. Wrex, Mkrogan wa kikosi changu, amesimama ufukweni kaninyooshea bunduki, kwa sababu adui yetu Saren kapata dawa ya ule ugonjwa unaowazuia Wakrogan kuzaa, na sisi tumekuja kulipua maabara yake. Kwenye majibu, lile la bluu la kushawishi na lile jekundu la kutisha yamefifia, hayachaguliki. Mengine yote nikijaribu anakufa. Nianze upya? Muda sina.

JiweLaBismarck
Mkuu, umefika Virmire halafu unasema umeanza? Angalia kama una pointi hujazitumia, zimwage zote kwenye Charm, ule ustadi wa kushawishi, kabla hujamsogelea. Njia nyingine ni deraya ya ukoo wake, ipo sayari ya Tuntau. Ukimpelekea, anakusikiliza hata bila pointi. Ila hilo ulitakiwa ulimalize kabla ya kutua hapo.

MsukumaMpole
Sisi enzi za banda la gemu Mabatini ilikuwa mpira tu, aliyefungwa anampisha mwenzake. Siku moja jamaa akaja na gemu la kusoma maandishi, benchi zima likamzomea. Leo ndiyo najua alikuwa anafaidi nini.

Mama Pili Nyegezi
Ng'wanawane, muda huna kwa nini? Una mitihani?

Kijana wa Kirumba
Shikamoo Mama. Mitihani sina. Ni kwamba hii mashine ya gemu, PS3, rafiki yangu aliiweka rehani kwangu nilipomkopesha mtaji wa dagaa, anauza pale Mwaloni. Sasa pesa kapata, anaitaka. Nimemwambia niko Ukerewe mpaka Jumapili. Lakini jamani, yeye mwenyewe alipitisha tarehe tuliyokubaliana na sikumsumbua, siku mbili tatu ni nini? Na mashine naitunza. Vumbi nafuta, umeme ukiyumba nachomoa.

Mama Pili Nyegezi
Marahaba. Baba yangu kule Magu aliweka baiskeli rehani. Aliyeishika akawa anaipanda kwenda mnadani, ikarudi rimu imepinda. Hawakusalimiana tena mpaka msiba wa bibi. Kitu cha rehani unakifunika na kitenge, hukitumii.

SatoMkavu
Chai hii, wakuu. Mass Effect ya kwanza ilikuwa ya Xbox 360, mwaka 2008 ikaja kwenye kompyuta. PS3 inaingiaje hapo?

JiweLaBismarck
Iliingia Desemba 2012, pamoja na ya pili na ya tatu. Kabla ya hapo wenye PS3 walianzia ya pili, wakapewa hadithi ya vibonzo wachague wenyewe yaliyotokea kwenye ya kwanza.

SatoMkavu
Hilo nimekubali. Sasa Ukerewe je? Wewe uko Kirumba, rafiki yuko Mwaloni, na Mwaloni iko Kirumba hiyo hiyo! Hamjakutana hata kwenye daladala? Mods, huu uzi uhamishieni kule kwa watunzi.

Kijana wa Kirumba
Natoka alfajiri kwenda Igoma kazini, narudi giza. Sina sababu ya kutunga. Nimeuliza kuhusu Wrex, ninyi mnanijibu kuhusu rafiki. Kila nikirudi kwenye meli yetu ya angani, kabla ya chochote nashuka chini kwenye makabati, maana ndipo Wrex anaposimama. Mwanzoni unamsemesha, anakutajia jina lako tu, basi. Halafu safari moja anafunguka, anakusimulia alivyomwendea baba yake kwenye mazungumzo ya amani na baba akawa amemtegea watu wamuue. Mtu amenieleza hayo, leo nimpige risasi kwa sababu ya pointi?

MsukumaMpole
Basi anza upya. Akifa hapo, huko mbele ukoo wake unashikwa na Wreav, na huyo hana busara. Halafu jiandae, hapo hapo Virmire kuna askari wako wawili, Ashley na Kaidan, mmoja habaki, na hilo halina pointi wala deraya.

Kijana wa Kirumba
Mkuu, mbona umenimwagia yote!

JiweLaBismarck
Nakili sevu, yaani pale ulipofika kwenye gemu, kwenye flashi, mrudishie mwenzio mashine yake. Siku ukipata yako utaendelea.

Kijana wa Kirumba
Flashi ninayo. Lakini Jumapili nilishamwambia Jumapili, nikimpigia leo atashangaa nimefikaje mjini. Usiku huu nabonyeza New Game, nikimbie moja kwa moja Tuntau.

SatoMkavu
Kimbia, na Mako yenyewe, lile gari la kuzungukia sayari, inavyoteleza milimani. Jumapili itakukuta bado unapanda.

Mama Pili Nyegezi
Huyo rafiki yako anauza dagaa kwa gunia tu au hata kwa debe?