Mikumi, Nyerere au Ngorongoro? Mama mkwe anataka tembo, simba na faru

MkaziWaTabata
Wakuu, habari zenu. Septemba mama mkwe anavuka kutoka Pemba kuja kwetu Dar, na hajawahi kumwona tembo kwa macho yake. Anataka tembo, simba na, akipatikana, faru. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo barabara za kutikiswa kutwa nzima sizitaki. Zimebaki hifadhi tatu: Mikumi, Nyerere, au nijikakamue hadi Ngorongoro. Mliokwenda, nishaurini.

ReliMpya
Mikumi, usijitese. Treni ya SGR hadi Morogoro, hapo mnakodi gari, na kabla ya adhuhuri mko ndani. Uwanda wa Mkata uko wazi, na mwezi wa tisa nyasi zimeshakauka, mnyama hana pa kujificha. Twiga, nyati, pundamilia na tembo hukutana nao bila kuhangaika. Viboko wana bwawa lao karibu na lango. Simba ni bahati ya siku.

KondaMstaafu
Tembo wa Mikumi mbona nimewaona bure dirishani! Barabara ya Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50. Ila tusimdanganye mwenzetu, faru Mikumi asahau.

DadaWaRufiji
Mkuu, fikiria Nyerere kwa sababu ya boti. Mama anakaa kitini, Mto Rufiji unapita taratibu, viboko na mamba wako hapo hapo, tembo wanashuka kunywa. Ukibahatika na mbwa mwitu, hao wageni wanavuka bahari kuwafuata. Tatizo ni njia ya Kibiti hadi Mloka, hayo magoti unayoyalinda yatamalizikia huko. Mfuko ukiruhusu, pandeni ndege ndogo. Na msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda.

DerevaKaratu
Naendesha watalii kanda ya kaskazini, nisikilizeni kidogo. Swali si hifadhi gani nzuri, ni mnyama gani unamtaka. Ngorongoro ina faru weusi, simba na nyati kwenye kreta, lile bonde la volkano, yenye kilomita za mraba kama 260 tu, ndiyo maana siku moja inatosha. Lakini twiga humo hamna, na tembo wa kule chini wengi ni madume wazee. Jike na watoto wake ni nadra. Faru naye mara nyingi utamwona kwa mbali, na kuacha barabara kumsogelea hairuhusiwi. Beba darubini.

Kama tembo ndiye hasa mama anayemlilia, hiyo Septemba mpeleke Tarangire. Kiangazi nje ya hifadhi maji yanakauka, mto ndio tegemeo, basi makundi yanateremka na vitoto vyao hadi unachoka kuhesabu. Mvua zikinyesha wengi wanatawanyika kuelekea Simanjiro, ukija Aprili utanilaumu bure. Tarangire siku moja, mnalala Karatu, kesho yake kreta. Lami inafika hadi lango la Ngorongoro, mtikisiko unaanzia juu ya hapo.

ReliMpya
Ndiyo, ila taja na bei, kaka. Kushuka kreta gari lina ada yake, na bila gari la kupanda milima hushuki. Kwa hela hiyo familia inakwenda Mikumi na chenji inabaki.

DerevaKaratu
Sikatai. Mwenye bajeti ndogo aende Mikumi, ila faru asimuulizie.

KamauRongai
Majirani, hamjambo. Sisi hapa Nairobi kifaru tunamwona kabla ya kazi. Mbuga ni kilomita za mraba 117 tu, kuna weusi na weupe, na simba pia. Ndovu ndio hatuna, labda wale watoto yatima wanaolelewa kituo cha Sheldrick. Leteni mama huku.

MpareHalisi
Nairobi ya nini? Mkienda Arusha kwa barabara mnapita Same, na Mkomazi iko pale pale. Faru weusi wametengewa eneo lenye uzio, na miaka ya karibuni wageni wanaruhusiwa kuingia kuwatazama. Huhangaiki na darubini.

KondaMstaafu
Ndani ya uzio hiyo si bustani ya wanyama?

MpareHalisi
Uzio ni kwa ajili ya majangili, mzee wangu. Ukiuondoa, hao faru utawaona kwenye picha tu.

MkaziWaTabata
Nimemsomea mama mkwe yote haya, kasema Tarangire na Ngorongoro, Mkomazi tutaona tukirudi. Anauliza kama kule kreta anaweza kushuka garini anyooshe miguu, anywe chai yake na chapati.

DerevaKaratu
Anashuka, pale Ngoitokitok, kituo cha mapumziko ndani ya kreta, kuna bwawa na vyoo. Sweta muhimu, asubuhi ukingoni kuna baridi kali. Chai anywe nje, ila chapati amalizie garini: mwewe wa pale humpokonya mtu mkononi.