Mungu kasema naye. Tumwamini?

Wakuu, mama mdogo kaacha vidonge vya presha, wiki ya pili sasa. Mchungaji wake kadai Mungu alisema naye usiku. Vidonge kavifunga kwenye pindo la kanga, juu ya kabati. Nimwambieje asinione mpinga Mungu?

— Mpime kwanza, mjadala baadaye. 2011 nilikwenda Samunge, Loliondo. Mchungaji Mwasapile alisema kaoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga, kikombe shilingi 500. Nilikunywa nikiwa garini. Vidonge vyangu vya sukari sikuacha hata siku moja.

— Mia tano si bei ya tapeli, mkuu. Huenda aliota kweli.

— Kuota hata mimi naota.

— Nimempima: 180 kwa 110. Tuko njiani zahanati, kanga kaishika mwenyewe.