Albamu za kuwaenzi wakongwe wa taarab: mnaenzi au mnapora?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo nina hasira na sitaficha.

Siku hizi hapa Unguja kila ukigeuka kuna albamu mpya ya kuwaenzi wakongwe. Mwaka jana walikuja kwetu vijana wa studio moja, wakakaa barazani na mjomba wangu kwa adabu zote, wakamuomba kaseti yake ya zamani. Mjomba kapiga fidla miaka mingi, na mashairi matatu mle ndani katunga mwenyewe. Akawapa. Kaseti haijarudi mpaka leo.

Albamu imetoka, nikamsikilizisha kwenye simu. Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, hamna. Fidla hamna, nai ile filimbi hamna, ganuni yenye nyuzi nyingi imekuwa mlio wa kinanda cha umeme. Wimbo wa beti sita umebakishwa beti mbili, kiitikio kinarudiwa mpaka kinachosha. Ikafika pale alipoandika "dau langu limekwenda arijojo", yaani limepeperuka ovyo, halijulikani liendako. Mwimbaji anaimba "limekwenda na Jojo". Jojo ndiye nani? Mjomba akaniambia rudisha, nikarudisha mara tatu. Kisha akanipa simu yangu, akaenda kutawadha, na alasiri hata haijaadhiniwa.

Jina lake halipo popote. Wameandika "wimbo wa asili". Wa asili vipi, na mtunzi yu hai, kila jioni yuko kwenye kahawa?

Msiniambie ndivyo muziki unavyokwenda. Marekani mwaka 1990 wasanii kibao waliimba nyimbo za mtunzi wao wa zamani, Cole Porter, kwenye albamu ya Red Hot + Blue, fedha zikaenda kupambana na UKIMWI, na jina la Porter liko palepale kwenye jalada. Hapa kwetu, marehemu Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad na hakuficha kuwa ni za Siti, yule aliyevuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili. Huko ndiko kuenzi. Na sheria ya hakimiliki Zanzibar tunayo tangu 2003, kwa hiyo hamuwezi kusema hamkujua.

Mliochukua kaseti mnajijua. Irudisheni. Na mkitoa toleo jengine, andikeni jina la mtunzi, na mumfuate akusahihishieni maneno kabla hamjaingia studio. Masikio yake bado mazima.